Kukagua usalama wa mahindi ya GMO, mezani na horini: jinsi ya kulisoma faili la mwombaji

Anayefungua kwa mara ya kwanza faili la kuombea kibali cha mahindi yaliyobadilishwa vinasaba (GMO) hukimbilia sura ya majaribio ya panya. Ndiyo sura inayoeleweka upesi na ndiyo inayoandikwa magazetini, ila peke yake hujibu maswali machache kuliko watu wanavyodhani. Mpangilio wa hapa chini unafuata mantiki ya miongozo ya mwaka 2003 ya Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ambayo mamlaka nyingi duniani zimeijenga ndani ya kanuni zao: DNA kwanza, kisha protini mpya, kisha muundo wa punje, kisha kiasi kinacholiwa, ndipo wanyama wa maabara.

Mfano ni MON 810, mahindi yanayojikinga na bungua wa mabua. Umoja wa Ulaya uliyaidhinisha mwaka 1998, yamepimwa na kupimwa tena, na ndiyo yaliyoombewa kibali Kenya mwaka 2015. Ukiweza kulipitia faili lake, mengine utayapitia kwa njia hiyohiyo.

Hatua ya 1: Jua ni mahindi gani hasa, na yanaombewa nini

Hakuna tathmini ya "GMO" kwa jumla. Kinachokaguliwa ni badiliko moja: jeni fulani iliyoingia mahali fulani kwenye kromosomu ya mmea mmoja, ambao uzao wake wote umerithi alama hiyo. Jeni ileile ikiingia mahali pengine ni badiliko jingine, na faili lake ni jingine. MON 810 na mahindi mengine yaitwayo Bt11 yote hutengeneza Cry1Ab, protini inayoua viwavi, lakini kibali cha moja hakimfai mwenye jingine.

Andika kwanza namba ya utambulisho. Ya MON 810 ni MON-ØØ81Ø-6. Vile viduara vyenye mstari ni sifuri. Ukitafuta kwa sifuri ya kawaida huenda usione kitu, kwa hiyo jaribu namna zote mbili. Kwa namba hiyo utapata kumbukumbu kwenye jukwaa la taarifa la Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa viumbe vya GMO, na maoni ya Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, yenye makao yake Parma, Italia, ambayo husomwa bure.

Kisha tazama matumizi yanayoombwa: chakula, malisho, kuingiza punje tu, au kulima pia. Ombi la "malisho tu" lirudishwe. Mwaka 1998 Marekani iliyaruhusu mahindi ya StarLink, yenye protini ya Cry9C, kwa mifugo peke yake, kwa kuwa protini hiyo haikumeng'enywa haraka na swali la mzio lilikuwa bado wazi. Septemba 2000 yalikutwa ndani ya vyakula vya mahindi vilivyokuwa vinauzwa madukani. Damu ya watu waliolalamika ilipimwa na haikuonyesha kingamwili za mzio dhidi ya Cry9C, lakini bidhaa zilikwisha kuondolewa sokoni kwa hasara kubwa. Ikiwa Marekani, yenye maghala yake makubwa, ilishindwa kutenganisha chakula na malisho, basi kwetu, ambako gunia moja hugawanywa kati ya mashine ya unga na banda la kuku, kutenganisha huko ni ndoto.

Jambo jingine la kuondoa kichwani mapema: rangi haisemi chochote. Mahindi ya njano si lazima yawe ya GMO, na meupe si lazima yawe ya kawaida. Afrika Kusini imekuwa ikilima mahindi meupe ya Bt, yaani yenye jeni ya kuua viwavi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hatua ya 2: Soma DNA iliyoingia, si ramani ya ile iliyokusudiwa kuingia

Kila faili lina mchoro mzuri wa plasmidi, yaani duara la DNA lililoandaliwa maabara. Mchoro huo ni nia ya mtengenezaji. Unachohitaji ni mfuatano halisi wa DNA uliopimwa kutoka kwenye mmea, pamoja na DNA ya mhindi inayopakana nayo pande zote mbili.

MON 810 ni mfano mzuri kwa sababu nia na matokeo vilipishana. Mahindi haya yalitengenezwa kwa kurusha chembe zilizopakwa DNA ndani ya seli, njia ambayo huvunja vipande ovyo. Kilichoingia ni promota ya 35S, yaani kiwashio cha jeni, kutoka virusi vya mosaiki ya kolifulawa, kipande cha jeni ya mhindi wenyewe kinachosaidia usomaji, na jeni ya cry1Ab iliyokatika mwishoni. Kituo cha kusimamisha usomaji kilichokuwa kwenye plasmidi hakikuingia. Matokeo yake, seli husoma jeni na kuendelea hadi ndani ya DNA ya jirani, na watafiti walikuta RNA za namna hiyo, ambazo zingeweza kuongeza mkia wa asidi-amino 2 au 18 kwenye protini. Hilo peke yake si hatari, lakini ni swali linalodai jibu: je, mkia huo unafanana na sumu au kizio chochote kinachojulikana? Kwa MON 810 ulilinganishwa na hazina za protini na haukufanana. Mkaguzi aliyesoma mchoro wa plasmidi peke yake asingejua hata kwamba kuna cha kuuliza.

Hakikisha haya yote yamejibiwa. Nakala ngapi zimeingia? MON 810 ina moja. Kuna vipande vya uti wa plasmidi vilivyobaki? Kuna jeni ya ukinzani wa antibiotiki? MON 810 haina, lakini MON 87460, mahindi ya kuhimili ukame, yana nptII, na hapo sura nzima ya antibiotiki lazima isomwe. Je, jeni yoyote ya mhindi imekatwa pale kitu kipya kilipoingia? Na je, badiliko linarithiwa kwa uwiano wa Mendel, yaani ule wa kawaida wa jeni moja, katika vizazi kadhaa? Ukiona uwiano huo umepotoka kizazi baada ya kizazi, pengine kuna nakala ya pili mahali pengine.

Makosa ya kawaida hapa ni mawili. La kwanza ni kutegemea vipimo vya zamani vya DNA viitwavyo Southern, ambavyo huweza kukosa vipande vidogo. Leo kusoma jenomu nzima hakuna gharama ya kutisha, kwa hiyo udai. La pili ni kupima mbegu ya kizazi cha kwanza ya Marekani, kisha kuuza chotara cha huku. Kuzalisha mbegu chotara hakubadilishi badiliko lenyewe kwa kawaida, lakini uthibitisho kwamba mfuatano ni uleule kwenye mbegu itakayouzwa ni karatasi chache tu, na mwombaji asiyezileta aulizwe kwa nini.

Hatua ya 3: Protini mpya

Kwanza kiasi. Kipimo cha kawaida ni ELISA, kinachopima protini kwa kingamwili, na majibu yawe ya kila sehemu ya mmea kwa sababu tofauti ni kubwa. Katika majaribio ya Marekani ya mwaka 1994, MON 810 ilikuwa na Cry1Ab mikrogramu 7.93 hadi 10.34 kwa kila gramu ya jani bichi, 3.65 hadi 4.65 kwa mmea mzima, na 0.19 hadi 0.39 tu kwa punje. Shika namba hizi, tutazitumia. Angalia pia kama uzito ni wa kitu kibichi au kikavu: jani bichi ni maji kwa sehemu kubwa, na kuchanganya vipimo hivyo viwili huharibu kila hesabu inayofuata.

Pili, protini iliyojaribiwa ilitoka wapi? Karibu kila mara haikutoka kwenye mhindi. Ili kupata gramu 1 ya Cry1Ab kutoka kwenye punje zenye mikrogramu 0.39 kwa gramu ungehitaji kama tani 2.6 za mahindi, bila kupoteza hata chembe wakati wa kusafisha. Kwa hiyo hutengenezwa ndani ya bakteria wa E. coli. Hakuna ubaya, mradi faili lithibitishe kwamba ya bakteria na ya mmea ni ileile: uzito wa molekuli, mwanzo wa mfuatano wa asidi-amino, kutokuwepo kwa sukari zilizoshikizwa na mmea, na nguvu ileile ya kuua viwavi. Sura hii ikiwa imekosekana, majaribio yote ya protini yanayofuata yamefanywa juu ya kitu kingine.

Tatu, sumu. Cry1Ab hutoka kwa bakteria wa udongo Bacillus thuringiensis, na dawa za kunyunyizia zenye bakteria huyo zimetumika mashambani kwa miongo mingi. Protini hufanya kazi ikifika kwenye utumbo wa kiwavi wenye hali ya alkali na kushika vipokezi ambavyo viwavi wanavyo. Panya walipewa kwa mdomo miligramu 4000 kwa kilo ya uzito, kwa dozi moja, bila madhara. Ulaya, chini ya kanuni yake ya mwaka 2013, hudai jaribio la siku 28 la protini isiyo na historia ya kuliwa kwa usalama. Lidai nawe kwa protini mpya kabisa.

Nne, mzio. Hakuna kipimo kimoja kinachoamua, ndiyo maana hukusanywa ushahidi wa aina kadhaa. Mfuatano wa protini hulinganishwa na vizio vinavyojulikana: ukifanana kwa zaidi ya asilimia 35 ndani ya kipande chochote cha asidi-amino 80, uchunguzi huenda mbele hadi damu za wagonjwa wa mzio. Utafutaji wa asidi-amino 8 zilizofuatana bila kosa huleta ving'ora vingi vya uongo, usiutegemee peke yake. Angalia tarehe ya hazina iliyotumika. Ulinganisho wa miaka 10 iliyopita urudiwe, nao ni kazi ya siku moja.

Kisha kuna kipimo cha pepsini, kimeng'enya cha tumboni, kwenye asidi kali. Zaidi ya asilimia 90 ya Cry1Ab iliyeyuka ndani ya dakika 2. Lakini katika majimaji ya kuiga utumbo mdogo kiini chake kilidumu saa 19. Wanaharakati hunukuu namba ya pili, waombaji ya kwanza. Zote ni sahihi, kwa kuwa chakula hupitia asidi kwanza. Swali la maana ni la wale ambao asidi yao ni hafifu: watoto wachanga wanaoanza uji na watu wanaotumia dawa za kupunguza asidi. Kwao kipimo cha pepsini hakitoi faraja kubwa, na uzito wa ushahidi unahamia kwenye ulinganisho wa mfuatano.

Hatua ya 4: Muundo wa punje na wa mabua

Hapa ndipo mabadiliko yasiyokusudiwa huonekana, na ndipo muda mwingi utumike.

Muundo wa jaribio unaodaiwa na Ulaya ni huu: angalau maeneo 8, vitalu 4 kila eneo, mahindi ya GMO, ndugu yake wa karibu asiye na jeni hiyo, na angalau mbegu 6 za kawaida za sokoni. Kama mahindi yanahimili dawa ya magugu, lazima kuwe na mashamba yaliyopigwa dawa hiyo na yasiyopigwa. Sampuli za punje hupimwa protini, mafuta, majivu, nyuzi, asidi-amino, asidi za mafuta, madini, vitamini, pamoja na asidi ya fitiki, rafinosi na fenoli kama asidi ya feruliki. Za mmea mzima hupimwa vitu vichache zaidi, kwa ajili ya ng'ombe.

Namba zikija, usishtuke kuona tofauti. Ukipima vitu 60 na kutumia kiwango cha asilimia 10, ambacho Ulaya hutumia kwa kipimo cha tofauti, tarajia vitu kama 6 vitaonyesha tofauti kwa bahati tu. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili, cha ulinganifu: je, thamani ya mahindi ya GMO imo ndani ya mtawanyiko wa zile mbegu 6 za sokoni? Kitu kilicho tofauti na ndugu yake lakini kimo ndani ya mtawanyiko huo hakina uzito mkubwa. Kilicho tofauti na pia kiko nje, hicho ndicho cha kufuatilia kwa jina. Mwombaji anayeleta orodha ndefu ya "hakuna tofauti" bila kuonyesha mtawanyiko amefanya nusu ya kazi.

Mambo yanayoharibu sura hii:

Ndugu asiye wa karibu. Kama ulinganisho ni chotara chenye wazazi wengine, tofauti utakazoona ni za wazazi, na tofauti za jeni zitafichwa humo.

Mbegu za sokoni zilizochaguliwa ili mtawanyiko uwe mpana kupita kiasi. Mahindi ya bisi na mahindi matamu yakiwekwa humo, karibu kila kitu kitaonekana cha kawaida.

Sampuli za kila eneo kuchanganywa kabla ya kupimwa. Wastani hubaki, mtawanyiko hupotea, na kipimo cha ulinganifu hakiwezekani tena.

Sumukuvu. Punje zilizotobolewa na bungua hushikwa kwa urahisi na kuvu wanaotengeneza fumonisini, kwa hiyo mahindi ya Bt mara nyingi huwa na fumonisini kidogo kuliko ndugu yake. Ni faida ya kweli, lakini isipopimwa huvuruga majaribio ya wanyama, kwa sababu kundi la kulinganishia hula sumu zaidi. Aflatoksini haifuati mkondo huohuo kwa uhakika, kwa kuwa hutegemea sana ukame na unyevu wa ghalani. Asikubali mtu kuuziwa mahindi ya Bt kama kinga ya aflatoksini.

Kwa nchi za ugali kuna usomaji wa ziada ambao wakaguzi wa Ulaya hawana haja nao. Kule mahindi ni malisho hasa. Mtu hupata chuma, zinki na niasini kutoka kwingine. Hapa, nyumba inayokula ugali mchana na jioni hutegemea punje ileile kwa virutubisho hivyo, na lisini na triptofani ya mahindi tayari ni haba. Badiliko la asilimia 10 kwenye zinki, au ongezeko la asidi ya fitiki inayozuia zinki kufyonzwa, linaweza kuwa ndani ya mtawanyiko wa kawaida na bado likamgusa mtoto wa uji. Weka alama vitu hivi vitano au sita na uvisome peke yake, eneo kwa eneo. Kumbuka pia kwamba sembe iliyokobolewa hupoteza sehemu kubwa ya madini na vitamini hizo, kwa hiyo hesabu ifanywe kwa dona na kwa sembe.

Data za Iowa, Marekani, zitafaa Kitale au Mbeya? Kwa kiasi kikubwa ndiyo, kama maeneo 8 yalitofautiana vya kutosha kwa mvua na udongo na hakuna eneo ambako tofauti iligeuka. Usidanganyike tu kwamba majaribio ya ndani yameshajibu swali hili. Majaribio ya kufungiwa kama yale ya Makutupora, Dodoma, yaliyoanza 2016 na kusimamishwa na serikali Januari 2021, hulenga utendaji wa mmea shambani. Hayo si majaribio ya chakula.

Hatua ya 5: Kokotoa mlo wa kwako

Sura ya ulaji katika faili la kigeni hutumia mlo wa kigeni. Ifanye upya. Hesabu ni za darasa la saba.

Chukua kiwango cha juu cha punje, mikrogramu 0.39 kwa gramu, na udhanie kwamba kupika hakupunguzi kitu. Joto la sufuria huiharibu protini, lakini punguzo hilo liache liwe akiba.

Mtu mzima wa kilo 60 akila gramu 400 za unga kwa siku: 400 × 0.39 = mikrogramu 156, sawa na 2.6 kwa kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 12 akinywa uji na kula ugali wa gramu 150: mikrogramu 58.5, sawa na 4.9 kwa kilo. Mtoto anapata karibu mara mbili ya mkubwa, na ndiye wa kuandikwa kwenye hitimisho.

Kuku wa nyama wa kilo 1.5 anayekula gramu 120 za chakula chenye mahindi asilimia 60 hupata takribani mikrogramu 19 kwa kilo. Ng'ombe wa kilo 400 anayekula kilo 25 za mahindi ya saileji, yaani mmea mzima uliokatwakatwa na kuvundikwa: tumia 4.65 ya mmea mzima, utapata miligramu 116, yaani mikrogramu 291 kwa kilo. Ni zaidi ya mara 100 ya mla ugali. Wengi hudhani punje ndiyo njia kuu ya protini hii. Kumbe ni majani. Na kama kiwanda cha wanga kinauza mabaki yenye protini nyingi kwa watengeneza chakula cha kuku, Cry1Ab humo yaweza kuwa karibu mara 7 ya ile ya punje, kwa kuwa protini yote imekusanyika hapo. Hapo badilisha hesabu ya kuku.

Sasa linganisha. Dozi isiyodhuru ya panya, miligramu 4000, ni mikrogramu milioni 4 kwa kilo. Ukiigawanya kwa 4.9 ya mtoto unapata kama 816,000. Kwa ng'ombe wa saileji, kama 13,700. Nafasi hizo ni kubwa, ila usiziandike bila tahadhari: ile ilikuwa dozi ya siku moja na mlo ni wa kila siku. Ndiyo sababu ya kudai jaribio la siku 28.

Hatua ya 6: Majaribio ya wanyama

Jaribio la kawaida ni la siku 90 kwa panya. Kwa MON 810 panya walilishwa chakula chenye mahindi hayo asilimia 11 na asilimia 33. Kwa nini si 80? Kwa sababu mahindi hayamkamilishii panya lishe. Ukiongeza sana, lishe inapotoka na utaona madhara ya utapiamlo badala ya madhara ya jeni.

Hapo ndipo udhaifu wa jaribio hili ulipo, na kwa mla ugali ni mkubwa zaidi. Panya wa gramu 250 anayekula gramu 20 kwa siku, theluthi yake mahindi, hula gramu 26 za mahindi kwa kilo ya uzito wake. Mtu mzima wa hesabu yetu hula gramu 6.7, na mtoto 12.5. Nafasi iliyobaki ni mara 4 kwa mkubwa na mara 2 tu kwa mtoto, wakati kwa kemikali tumezoea kudai mara 100. Kwa hiyo usiseme jaribio la siku 90 "limethibitisha usalama". Linaweza kuonyesha kitu kikubwa kilichopita hatua ya 2 hadi ya 4 bila kuonekana. Kazi nzito imebebwa na protini safi na muundo wa punje. Sura hizo zikiwa dhaifu, panya hawatazitibu.

Unapolisoma, anza na chakula chenyewe: makundi yote yalikuwa na nishati, protini na madini sawa? Sumukuvu na mabaki ya dawa yalipimwa? Kisha idadi: miongozo ya OECD, shirika la nchi zilizoendelea, huanza na panya 10 wa kila jinsia kwa kila kundi. Kama wanyama wawili wanakaa kizimba kimoja na kula bakuli moja, kipimo cha takwimu ni kizimba, kwa hiyo 10 hugeuka kuwa 5. Tofauti yoyote ipimwe kwa maswali matatu: je, inaongezeka kutoka asilimia 11 hadi 33? Inaonekana kwa madume na majike, au kuna sababu ya kuwa kwa jinsia moja? Kipimo cha damu kinaungwa mkono na kiungo chenyewe chini ya darubini? Namba moja ya ini iliyopanda kwa madume wa asilimia 11 peke yao haina hadithi.

Maswali hayohayo yangeokoa muda mwingi mwaka 2012. Septemba mwaka huo jopo la Gilles-Éric Séralini, Ufaransa, lilichapisha utafiti wa miaka 2 wa mahindi ya NK603, yanayohimili dawa ya magugu, ukiwa na picha za panya wenye uvimbe, na Novemba Kenya ikapiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO. Kila kundi lilikuwa na panya 10 wa jinsia moja, ilhali miongozo ya utafiti wa saratani huanza na 50, na panya wa aina ya Sprague-Dawley hupata uvimbe mwingi wenyewe wakizeeka. Kwa idadi hiyo hakuna hitimisho linaloweza kusimama, la kutisha wala la kutuliza. Jarida liliuondoa utafiti huo Novemba 2013, ukachapishwa tena kwingine 2014. Baadaye miradi iliyogharimiwa na Umoja wa Ulaya ilirudia kwa idadi kubwa zaidi: GRACE kwa MON 810, siku 90 na mwaka mmoja, na G-TwYST kwa NK603, miaka 2. Haikukuta madhara yatokanayo na mahindi hayo. Marufuku ya Kenya iliondolewa na serikali tarehe 3 Oktoba 2022, kisha mabishano yakahamia mahakamani.

Kwa malisho kuna jaribio la kuku wa nyama la siku 42. Hili ni la lishe, si la sumu. Kuku huyu huongezeka uzito haraka mno, na chakula chake ni mahindi zaidi ya nusu, kwa hiyo upungufu mdogo wa virutubisho huonekana upesi kwenye ukuaji. Linasomwa haraka: uzito, chakula kilicholiwa kwa kila kilo ya ongezeko, vifo, uzito wa kidari.

Hatua ya 7: Masharti, na kuyafuatilia sokoni

Andika kibali kwa badiliko na kwa matumizi. Mahindi yenye mabadiliko mawili yaliyounganishwa, mfano ya bungua na ya ukame, hayapiti kwa sababu tu kila moja limepita. Uliza kama viwango vya protini vimebadilika zikiwa pamoja na kama protini hizo zinaweza kusaidiana au kupingana. Kauli ya "yameliwa miaka mingi bila tatizo" iandikwe pale tu inapoonyeshwa nani alikuwa anatazama na alitazama nini.

Lebo hudai kipimo. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 zinaweka kizingiti cha asilimia 1, Ulaya ni 0.9. Ili kuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba shehena iko chini ya asilimia 1, punje 299 zote lazima zikose badiliko hilo. Zichukue kwa bambo kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, uzichanganye vizuri ndipo uhesabu. Vijiti vya kupimia Cry1Ab vinatosha kwa mashine ya unga: soma kwenye karatasi yake punje moja hugunduliwa kati ya ngapi, ikiwa ni kati ya 100, saga mafungu matatu, si fungu moja la 299, la sivyo punje moja itapotea na kijiti kitakaa kimya. Safisha mashine kwa kusaga na kumwaga kilo kadhaa za mahindi safi kati ya shehena na shehena. Kijiti kikionyesha mstari, kimesema Cry1Ab ipo, hakijasema ni MON 810 au Bt11. Jibu hilo hutolewa na PCR, kipimo cha DNA, cha badiliko husika. Na kijiti cha Cry1Ab hakitayaona kabisa mahindi ya NK603, kwa kuwa hayana protini hiyo.